Siku wazee wa Gachoka walipohitaji historia ya rock

Wakuu, salamu kwa wote, hata nyinyi mnaosoma tu bila kuchangia. Haya yalinipata mimi mwenyewe. Chumvi iliyopo ni ile ya kawaida ya mboga.

Mimi ni mtu wa Gachoka, Embu, na ni rocker, yaani mpenzi wa muziki wa rock.

Ndiyo, tuko. Tulikuwa wawili, lakini mwenzangu alihamia Meru akaokoka.

Kwetu ukivaa tisheti nyeusi yenye fuvu, unaombewa. Kuna mama jirani amenikemea mapepo mara nyingi hivi kwamba mapepo yenyewe, kama yangekuwepo, yangeshazoea. Hata marehemu baba, mzee wa kanisa, kila nikiweka muziki alikuwa anaita kutoka sebuleni: "Punguza hiyo kitu."

Mimi nikaendelea kusoma historia yangu ya rock. Mwaka jamaa alipochoma gitaa lake jukwaani. Mwaka Wamarekani walipojazana kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa wakacheza kwenye matope. Elimu ya maana sana hiyo, hasa ukitafuta kazi.

Sasa twende shambani.

Baba tulimzika pembeni, karibu na ua wa minyaa ambao babu aliupanda kuwa mpaka. Mwaka huu jirani yetu Njiru, mtu mwenye heshima zake na jicho refu kwa mali ya wengine, akaenda kwa chifu. Akadai ule ua aliupanda yeye, ndani ya shamba lake, ili kuzuia mbuzi. Eti mpaka wa kweli uko upande wetu, ng'ambo ya kaburi.

Yaani baba amezikwa kwake. Akasema kwa upole kabisa kwamba tunaweza kumhamisha.

Mama hakula siku hiyo. Mimi niliogopa, wakuu, na hasira ilinijaa.

Chifu akaita wazee pale mpakani. Shahidi wetu alikuwa mmoja tu: baba mkubwa, kaka yake baba, mwalimu mstaafu. Nilimwamini sana, hadi alipofungua mdomo.

"Hii ua tulipanda na baba yangu ile siku wazungu wanne walipanda juu ya nyumba huko London wakaimba, mpaka polisi wakakuja."

Wazee wakatazamana.

Nilitamani ardhi inimeze, maadamu bado ilikuwa yetu.

Wazee wetu huhesabu miaka kwa njaa, kwa nzige, na kwa waliotahiriwa msimu huo. Hakuna anayehesabu kwa wazungu walio juu ya paa. Mzee mmoja akauliza kama walikuwa wanarekebisha mabati.

Njiru akaona mlango umefunguka. Angenyamaza tu, huenda angeshinda.

"Hiyo ni ukweli," akasema. "Hata mimi nakumbuka hao wazungu. Hiyo siku kabisa nilikuwa hapa na panga, napanda hii ua. Huyu mzee alikuwa anapita tu."

Chifu akageuka, akanitafuta kwa macho.

"Wewe wa nywele ndefu. Si hii ndio masomo yako? Hao watu walipanda hiyo nyumba mwaka gani?"

Maisha yangu yote nilikuwa nangoja swali hilo.

"Sitini na tisa, mwanzoni," nikasema.

Yule mzee wa mabati akamwangalia Njiru polepole. "Njiru, wewe si ulitahiriwa pamoja na ndugu yangu mdogo, miaka ya sabini ikiisha? Sitini na tisa ulikuwa hujaota meno ya pili. Hiyo panga ulishika na mkono gani?"

Wazee walicheka hadi chifu naye akashindwa kujizuia. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Njiru iliishia kwa watu wanaojua rika lake. Mpaka ukabaki kwenye ua. Yule mama wa mapepo akanisalimia kwa mkono bila kukemea chochote, na hiyo ni hatua.

Jioni nikamwambia baba mkubwa kwamba sikujua yeye pia ni rocker. Akaniangalia kama nimemtusi.

"Mimi? Hiyo ni kelele. Aliyependa ni baba yako. Siku hiyo ya ua mimi nachimba mashimo, yeye amekalia jiwe na redio ya mwalimu wake, anapiga nduru ati wamepanda juu, wamepanda juu. Hakupanda hata mti moja. Mpaka leo nimemkasirikia."



Miaka yote ile baba aliita "punguza hiyo kitu". Ndipo nikakumbuka kwamba hakuwahi kusema "zima hiyo kitu".

Funzo: ukidanganya mwaka, hakikisha kwanza rika lako halipo. Na mwenye mzazi aliye hai amuulize alisikiliza nini ujanani, kabla hajabaki kuambiwa na baba mkubwa.

Haya, mje na visa vyenu. Wa kusema rock ni ya shetani pia karibu, lakini aanze kwa kutuambia alitahiriwa mwaka gani.

Mimi siku hizi Jumapili napitia kaburini na spika yangu ndogo. Sauti naipunguza kidogo.