Jina Nililoliruka

Mwanangu, ipo Jumapili moja haijanitoka kichwani, na kosa la siku hiyo siwezi kulisingizia ujana. Nilikuwa tayari na mvi na fimbo mkononi.

Sisi Wakenya wa huku Minneapolis tunakodi ukumbi wa kanisa la Wazungu, tunaingia mchana wao wakishatoka. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi mimi husimama nikawataja watoto wetu walio jeshini. Karatasi sishiki, darasa la tatu nililiacha katikati. Namtaja mtoto, namtaja na mamake, watu wanaitikia, "Bwana amlinde." Brian wa Moraa. Faith wa Kwamboka. Mapacha wa marehemu Bosibori, Dennis na Duke. Sijawahi kukosea.

Na mjukuu wangu, Elija wa Nyaboke. Huyo alizaliwa msichana, tukambatiza Kerubo. Alipokuwa mtu mzima akatuambia yeye ni mwanamume, akabadili jina na mwili. Nililia miezi. Lakini jeshini alikuwa ametumika miaka kumi na mmoja, akifunga majeruhi vidonda, na sikusikia mkubwa wake akimlalamikia. Halafu wakubwa wa serikali wakaamua kwamba watu kama yeye hawafai kuvaa sare. Wiki ile ilikuwa akabidhi sare yake. Akanipigia: "Shosho, Sunday nakuja. Nataka nikusikie ukinitaja, mara ya mwisho nikiwa bado soja." Nikamwambia, njoo.

Kabla ya ibada tulikuwa kwenye chai. Mzee Ombati, mwenyekiti wetu, amesimama na kikombe chake.

"Serikali imefanya vizuri," akasema. "Jeshi si mahali pa mambo hayo."

Moraa, mamake Brian, akamdaka: "Mzee, wewe theluji ikianguka hutoki nyumbani hadi Aprili, leo unapanga wanajeshi?" Watu wakacheka. "Na huyo aliyelala chini anavuja damu, atauliza anayemfunga alizaliwa nani?"

"Sheria ni sheria, mama."

"Ingekuwa Brian wangu ungesema hivyo?"

Hapo kicheko kikaisha. Ombati akanivuta pembeni, kwa upole kabisa. "Mama, leo hilo jina liache. Watu watagawanyika. Mungu anamjua hata usipomtaja."

Nikaona ni neno la busara. Na nikuambie ukweli uliokuwa chini yake: niliogopa. Hawa ndio wananipeleka hospitali Nyaboke akiwa zamu kule Eagan. Hawa ndio watakaousafirisha mwili wangu kurudi Kisii.

Nikasimama. Elija yuko nyuma, sare imepigwa pasi, mikono magotini. Nikamtaja Brian, nikamtaja Faith, nikawataja mapacha. Nikafika kwake, nikasema, "Na wengine wote, Bwana anawajua." Nikaketi.

Hakutoka. Alikaa mpaka mwisho, akanishika mkono kwenye ngazi, akanirudisha kwangu Columbia Heights. Garini akauliza jambo moja tu.

"Shosho, ulisahau?"

Ningesema ndiyo, angenisamehe. Mtu wa umri wangu husahau. Nikasema, "Hapana. Sikusahau."

"Sawa," akasema. Akanifungulia mlango, akanibebea mfuko hadi juu, akaenda. Sare aliikabidhi Jumatano. Siku hizi yuko jimbo lingine. Mamake akipiga simu, anashika. Mimi nikipiga, inalia mpaka inakatika.

Mwezi uliofuata nilimtaja kwa sauti. Wengine waliitikia, wengine wakatazama viatu vyao. Lakini aliyetaka kusikia hakuwepo.

Mwanangu, sikudanganyi kwamba yote ya Elija nayaelewa. Mengine mpaka leo yananishinda. Ninachokuambia ni hiki: wakikutaka umnyamazie mtu wako ili mkutano ubaki na amani, uliza amani hiyo ni ya nani. Msemee akiwa anakusikia, sauti ikitetemeka itetemeke. Usingoje umwelewe kwanza. Wanaotunga sheria hawajawahi kumwona akila mezani kwako, wewe umemlea. Ukimkana wewe, abaki na nani?

Mungu akutunze barabarani na kazini. Akupe watu wasiokuonea haya, na siku mmoja wao atakapokutegemea, akutie nguvu usimame. Amina.