Ngazi ya Chumba cha Injini

Kaka yangu alinipa sharti moja kabla sijatoka kwake: nisimpigie simu nikiwa ndani ya meli.

"Hutaki kujua mapema?" nikamuuliza.

"Nataka kuona. Maneno yenu nshayachoka."

Juu ya meza ya chumba chake cha mbele, hapo Azaiba, Muskat, palikuwa na manowari ya mbao nyembamba, urefu wake kama mkono wangu, imefunikwa shuka. Ile manowari yenyewe, ya chuma, aliitumikia miaka mingi akiwa fundi wa injini. Siku hizi haiendi popote. Imefungwa gatini na kugeuzwa makumbusho, watu wanapanda na watoto wao kutazama mizinga. Kaka alipopata kiharusi mwaka jana mkono wa kulia ukalegea, na daktari akamwambia aushughulishe kwa kazi ndogo ndogo. Mwengine angeminya mpira. Yeye akaamua kujenga meli nzima, na chumba cha injini ndani yake, sitaha ya juu ikifunuka kama kifuniko cha sufuria ili mtu achungulie.

Aliijenga kwa kichwa chake tu, hakutazama kitabu wala mchoro. Ngazi ya kushukia kwenye injini akaigandisha upande wa kushoto. Siku moja mwanawe mkubwa akaona mtandaoni picha ya mbali, ya giza, na ngazi ikionekana kama iko kulia. "Baba, umesahau," akasema, bila ubaya wowote. Kaka akaifunika meli na hakuigusa mwezi mzima. Vidole vilivyokuwa vimeanza kushika kikombe vikarudi kulala.

"Ngazi ile nimeipanda kuliko ngazi za nyumba yangu," aliniambia. "Kama hiyo nayo nimeikosea, basi kichwa kimekwisha. Sitojenga tena, na asije mtu kunibembeleza."

Nilimjua. Kaka yangu hasemi mara mbili. Na makumbusho yalikuwa yanafungwa wiki ile kwa matengenezo, hakuna aliyejua mpaka lini. Kwa hivyo Alkhamisi nikabeba kamera yangu, ambayo kwa kawaida huipigia picha nyumba za kupangisha, nikaenda.

Nilifika saa sita kasoro dakika ishirini. Saa saba wanafunga. Msimamizi alikuwa mzee wa makamo, kanzu imenyooshwa pasi hata mkunjo hauonekani, kilemba kimekaa sawasawa. Nikamsalimia kwa Kiarabu, naye akaniuliza hali, akauliza habari, akauliza habari za habari, kisha akamimina kahawa na kunisogezea tende. Nakiri kwamba mimi sina subira. Wanaosema haraka haraka haina baraka hawajawahi kufungiwa mlango. Lakini kahawa ya mtu huikatai ukiwa na haja naye, basi nikanywa, jicho moja kwenye saa ya ukutani. Nilikitikisa kikombe kumwonyesha kuwa nimetosheka, na bado akaniuliza kama nina hakika.

Simu ikalia. Alikuwa wifi yangu, anataka kujua nimefikia wapi. "Bado," nikamwambia kwa Kiswahili, nikitabasamu ili mzee asishuku. "Kuna ami hapa ananinywesha kahawa, na mimi roho inanitoka."

Mzee akakiweka kikombe chake chini. "Basi roho yako irudi, dada," akasema kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. "Wazee wangu walikaa Tabora. Unataka kuona nini?"

Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Miaka yote niliyoishi Muskat, na bado najisahau nikidhani Kiswahili ni pazia. Nikamwomba radhi, nikamweleza yote: kaka, kiharusi, ngazi. Alisikiliza huku akichezea ufunguo.

"Chumba cha injini hakishukwi na wageni."

"Najua, ami. Ndiyo maana nimekuomba wewe."

Alinitazama, akatazama saa. "Ntakushusha. Lakini mlango wa juu hautofungwa, na mimi ntasimama pale pale kwenye ngazi, kila apitaye anione. Si vizuri, mimi na wewe peke yetu huko chini."

Tulipita njia nyembamba, tukakata kona, tukakata nyengine, mpaka sikujua tena nimeelekea wapi. Nilishuka kinyumenyume, nimeshika vyuma vya ngazi kwa mikono yote miwili. Chini palikuwa na joto la kukaba na harufu ya grisi ya zamani. Mzee akabaki kwenye ngazi, vipago viwili kutoka chini, uso kanielekezea mimi. Moyo ulikuwa unanidunda kwa namna ya kijinga kabisa. Ilikuwa ngazi tu, jamani, chuma kilichopakwa rangi.

"Ami, mbele ya meli ni wapi?"

Akanyoosha kidole nyuma yake. Nikaenda mpaka mwisho wa nyuma wa chumba, nikageuka, nikasimama baina ya injini mbili nikiangalia mbele ya meli.

Ngazi ilikuwa kulia.

Nikafunga macho, nikayafungua. Kulia. Nilitafuta ngazi ya pili upande wa kushoto, nikachungulia hadi nyuma ya mabomba, nikakuta ukuta mtupu. "Imewahi kuhamishwa hii?" nikauliza, na sauti yangu mwenyewe ikanichukiza kwa vile ilivyokuwa ikiomba. Mzee akagusa maungio ya chuma chini ya kipago. "Hii imezaliwa na meli," akasema.

Nikapiga picha. Nilipiga kila nati, kila bomba, kila mpini, kwa sababu mikono inajua kazi yake hata mwenyewe ukiwa umechanganyikiwa. Ngazi nikaipiga mara tano, na mara zote tano mzee yumo ndani yake, wima, kwa heshima yangu na yake.

Njiani kurudi nikaegesha gari Wattaya, mbele ya duka la magari, nikawasha kompyuta ndogo. Kazi yangu imenifundisha mambo ya aibu. Chumba kidogo nakikuza, dirisha la upande mbaya nalihamisha kwa kuigeuza picha kulia kushoto, na mpangaji hajui mpaka afike. Nilichagua picha moja ya ngazi, nikakata pembe zote zenye vibao vya maandishi, nikaigeuza. Ngazi ikahamia kushoto kwa kubonyeza mara moja. Nikajiambia kuwa namwokoa mkono wake. Zile nyengine nikaziweka kwenye faili la pembeni.

Kaka alikuwa amevaa miwani tayari. Wifi yangu alikuwa jikoni, kelele za sufuria zimenyamaza ghafla. Nikaiweka kompyuta mbele ya kaka.

Aliitazama. Uso wake ukafunguka, na upande wake uliolegezwa na kiharusi nao ukajaribu kufuata. "Si nimesema!" akapiga kelele. "Si nimewaambia!" Akalivuta lile shuka kwa mkono mbovu, wenyewe, bila kuusaidia, meli ikatikisika mezani. Nilicheka naye. Njia ya mwongo fupi, husema watu, lakini kwa dakika ile niliiona ndefu na nzuri, nami nikafurahi kwa dhati.

"Kuza hapa," akasema. "Nataka kuziona nati za chini."

Nikakuza. Akasogeza uso. Akasogeza tena. Kisha kidole chake kikaondoka kwenye nati kikapanda polepole hadi kifuani kwa mzee.

"Huyu bwana Muomani?"

"Ndiyo."

"Kishada chake kiko kushoto."

Nikainama kutazama. Kile kishada kidogo cha nyuzi shingoni mwa kanzu, tunachokitia marashi, kila fundi wa nchi hii hukishona upande wa kulia, na mimi nimekiona kila siku ya maisha yangu kiasi cha kutokiona tena.

"Fundi gani wa Muskat amemshonea kanzu hii?" Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Nionyeshe ya kweli."

"Kaka..."

"Ya kweli."

Nikaifungua. Ngazi kulia, kishada kulia, vibao vyote vinasomeka. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko ile ya kwanza. Nilingoja alirudishe shuka. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumbembeleza, na mengine ya kujitetea, na nilikuwa naogopa kama nisivyowahi kuogopa mbele ya mtu mgonjwa.

"Nipe kisu," akasema.

Nikampa kile kidogo cha kukatia mbao. Akaniashiria niishike meli isiteleze, akaingiza ncha ya kisu chini ya ngazi yake, jasho limemtoka. Gundi ilikatika alipojaribu mara ya tatu. Akaiweka ngazi kwenye kiganja cha mkono mbovu, akaipuliza vumbi.

"Toka nimeanguka," akasema, hakuniinulia macho, "mambo gani mengine nimeyakosea, mkaniitikia?"

"Hakuna, kaka."

"Kumbuka kishada, bibi wee."

Wifi yangu alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Alinitikisia kichwa nisiseme. Nami miezi yote ile nilikuwa hodari wa kutosema.

"Mama," nikaanza, nikimpa wifi kisogo. "Unawaambia wageni kuwa alifia Unguja. Mama hakufia Unguja. Alifia hapa, chumba cha nyuma. Wewe ndiye uliyekuwa umemshika."

Kaka akainamisha kichwa. Mkono ulioshika ngazi ukajifunga wote, vidole vyote vitano, na ukabaki hivyo. Machozi yalimshuka akayaacha yashuke.

"Endelea," akasema.