Pampu ya Robo Tatu

Baba yangu mdogo amefunga pampu za mabwawa ya kuogelea kwa zaidi ya miaka thelathini, na mwenyewe hajui kuogelea. Mafundi wenzake humwita Robo Tatu. Mteja akitaka pampu yenye nguvu ya hospawa mbili, yeye humpelekea ya robo tatu ya hospawa, na akibishiwa sana hufunga sanduku lake la vifaa na kuaga kwa adabu. Wapo wanaosema jina hilo ni kipimo cha akili zake. Yeye hucheka pamoja nao.

Ana mambo mengine mawili ambayo sisi wa familia tuliyazoea kama kovu usoni mwa ndugu. Hakubali chumba cha pampu kiwekwe kufuli. Na mfukoni hubeba ufunguo mdogo wa shaba ambao haufungui kitu chochote nyumbani kwake. Mama mdogo huwaambia wageni kuwa ni ufunguo wa nyumba ya mke wa pili.

"Siku nikiipata hiyo nyumba," husema, "nitahamia mimi, nimwachie mwenzangu hizi ovaroli azifue."

Nilipomaliza chuo na kazi ikawa haipatikani, baba mdogo alinichukua nimwandikie makadirio. Urefu mara upana mara kina, kisha gawanya kwa saa ambazo maji yote yanatakiwa kupita kwenye kichujio. Niliipenda kazi hiyo. Namba hazimtazami mtu usoni.

Asubuhi moja alipiga simu mkunga mstaafu aliyekuwa amenunua nyumba yenye bwawa uani. Pampu imekufa, alisema, na wajukuu wanakuja likizo. Niliandika anwani, nikamsomea baba mdogo garini. Akaniambia nisome tena. Nikasoma. Njiani gia zilimgomea mara mbili, yeye ambaye huliendesha gari lile kama anavyovaa viatu vyake.

Mkunga alitupokea getini, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa iliyotulia.

"Karibu fundi. Karibu binti. Nyumba ilikaa tupu miaka mingi, bwawa kavu. Nimelisugua, nikalijaza, nikawasha. Hiyo pampu ikavuma kidogo, ikatoa harufu ya kuungua, kimya. Sitaki maneno mengi. Kibati chake kinasema hospawa mbili. Niletee kama hiyohiyo. Ukipata ya tatu, heri zaidi."

Kila mteja huchagua hivyo: husoma kibati cha pampu iliyokufa, akaagiza pacha wake.

Chumba cha pampu kilikuwa nyuma ya jiko, na mlango wake wa chuma ulikuwa wazi. Kwenye komeo lilining'inia kufuli kuukuu, upinde wake umekatwa. Baba mdogo alilishika. Akatoa ule ufunguo wa shaba mfukoni, akauingiza. Ukazama wote hadi mwisho, kama mtu anayerudi kwao. Hakujaribu kuuzungusha. Aliuchomoa, akaufuta kwenye ovaroli, akaurudisha mfukoni bila kunitazama.

Niliinama kusoma kibati. Pembeni yake, chini ya vumbi, palichorwa kwa msumari herufi mbili na mwaka. Naijua ile saba yenye mkia kwenye mwaka. Baba mdogo huchora herufi zake na mwaka kwenye kila pampu anayoifunga.

Nilitoka nikapima bwawa. Mita kumi kwa nne, kina mita moja na nusu kila mahali. Mita za ujazo sitini. Kwa saa nane, saba na nusu kila saa. Nilimwambia mkunga, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, kwamba robo tatu inatosha.

"Msomi," alisema bila ubaya, "kwani aliyefunga hii ya mbili alikuwa mjinga?"

"Ndiyo," alijibu baba mdogo.

Mkunga akageuka.

"Alikuwa kijana," baba mdogo aliendelea. "Mwenye nyumba alitaka maji yaonekane yanachemka. Kijana akataka kumfurahisha."

"Ulimjua huyo kijana?"

Baba mdogo alitazama bwawa. Maji hayakuwa na hata kikunjo kimoja. Nilijua angeweza kuaga kwa adabu, kama siku zote, nasi tungeondoka na siri yake. Nilijua pia kwamba tukitoka, kesho angekuja fundi mwingine na pampu ya mbili.

"Fundi," mkunga alisema, "nimezalisha wanawake miaka arobaini, na wote niliwaambia neno moja. Mficha uchi hazai. Sema."

Akasema, macho yakiwa majini.

"Chini pale pana tundu moja tu la kunyonya maji. Bomba jembamba, pampu kubwa, mvuto mkali. Mtoto wa hapa alipiga mbizi akalalia tundu kwa mgongo, mchezo tu. Likamshika. Baba yake alimvuta, mpishi akamvuta, hakubanduka. Ilitakiwa kuzima pampu. Swichi ilikuwa mle ndani ya chumba cha pampu, na asubuhi ile mimi niliufunga mlango kwa kufuli ili watoto wasichezee umeme. Wakati wanakata kufuli, mimi nilikuwa dukani nanunua gundi ya mabomba. Ufunguo ninao."

"Alikuwa na miaka mingapi?"

"Sita."

Mkunga alikaa kwenye ukingo wa bwawa, taratibu, kama mtu aliyeshushwa na mkono wa mwingine.

"Mjukuu wangu mdogo ana sita," alisema. Baadaye akasema, "Ndiyo maana jirani alinisalimu kama mfiwa."

Tulisubiri atufukuze.

"Nikikufukuza," alisema mwishowe, "nani ataniwekea ndogo? Weka robo tatu. Na lile tundu?"

"Tunavunja sakafu, tunaweka la pili. Mtu akiziba moja, jingine linavuta."

"Vunja. Na huo mlango ung'oe."

Kazi ilichukua siku nane. Siku ya mwisho bwawa lilikuwa limejaa, na pampu mpya ilinong'ona kama mtu anayesoma kimoyomoyo. Baba mdogo alikuwa akikusanya spana.

"Wajukuu wangu hawaingii kabla yako," mkunga alimwambia.

Hakuuliza maana yake. Alivua ovaroli, akabaki na kaptura. Alikuwa amekonda kuliko nilivyodhani.

"Msomi, simama kwenye swichi," baba mdogo aliniambia. "Usinitazame. Hesabu tu."

Lakini mlango haukuwepo tena, na nilimtazama. Alishuka ngazi, maji yakamfika kifuani. Alitembea hadi juu ya lile tundu la zamani, akavuta pumzi, akazama. Nilimwona amelala chali sakafuni, mvi zake zikiyumba. Kumi. Kumi na tano. Hakukuwa na kilichomshika. Mkono wake ulielea pembeni, huru. Ishirini. Hakuinuka. Thelathini. Mkunga alisimama.

"Zima," alisema.

Nilizima. Pampu ikanyamaza, na hapo tu ndipo baba mdogo akaibuka, akikohoa, akishika ukingo kwa mikono miwili.

"Haikunishika," alisema. Aliisema kwa sauti ya mtu aliyekwenda miadi akakuta mwenzake hajafika.

Mkunga alimpa taulo.

Ufunguo bado anatembea nao. Mama mdogo bado huwatania wageni kuhusu nyumba ya mke wa pili, nao hucheka. Mimi huinuka nikaenda kuosha vikombe.