Chumba Kilichovuka Ua

Jirani yangu wa upande wa juu ana sheria moja: kilichoingia kwake ni chake. Ndivyo alivyonijibu siku nilipomkuta anachuma maparachichi kwenye tawi la mti wangu lililovuka ua.

"Mti ni wako, Mwalimu, sikatai," alisema, mfuko umeshajaa. "Lakini hili tawi limekaa kwenye hewa yangu."

Nilikasirika, nikacheka, kisha nikabaki na swali. Hewa yake inaishia wapi? Ile ndege inayopita kwenda Arusha nayo inapita kwake? Mimi nikishikwa na swali sipati usingizi, na wa kumsumbua ni mama yangu, maana naishi naye hapahapa Singe.

"Wewe na hewa zako," alisema mama. "Menya viazi."

Nikamenya, kwa mkono wa kushoto kama kawaida yangu, naye akasonya kama kawaida yake. Mama hajawahi kuuzoea mkono huu. Tangu utotoni ananiuliza nimeutoa wapi, na siku zote anajijibu mwenyewe: kwa ukoo wa baba yako.

Swali la chini ya ardhi lilikuja lenyewe, kiangazi hicho hicho. Jirani alikuwa anachimbisha shimo la choo karibu kabisa na ua wetu. Asubuhi moja sululu ya fundi ikatoboa, ikazama, nusura fundi naye aifuate. Chini kulikuwa na uwazi, giza tupu, na ubaridi ukawa unapanda kutoka humo. Fundi alitoka shimoni akimwita Mungu wake. Haikufika saa sita mtaa mzima ukawa umeshapata jibu: mali ya Wajerumani.

Kwetu kila shimo lisiloeleweka lina sanduku la dhahabu la Mjerumani aliyekimbia vita. Sijawahi kukutana na mtu aliyelipata, ila kila mtu ana mjomba aliyelikaribia. Jirani akafunika shimo kwa mabati, akaweka kiti pembeni, akakaa kulinda.

Nilimsimulia mama nikitegemea atacheka. Hakucheka.

"Ni usawa wa migomba yetu?"

"Ndiyo, mama."

Akaweka kikombe chini. "Hicho ni chumba cha ndani cha nyumba yetu."

Habari za nyumba hizo nilizijua nusunusu. Zamani watu wa huku walichimba nyumba ndani ya mteremko, paa la udongo likalingana na ardhi, majani yakaota juu yake. Wezi wa ng'ombe walipita juu wasijue kwamba chini ya nyayo zao watu na mifugo wamelala. Ambacho sikukijua ni kwamba babu, baba yake mama, alichimba ya kwake papa hapa. Mlango ulikuwa kwenye migomba yetu, na vyumba vikaingia ndani kuelekea juu, kwenye kiwanja ambacho leo ni cha jirani. Kumbe ndiyo maana mama aling'ang'ania ninunue hapa! Mimi nilidhani anapenda upepo.

Bibi alipofariki, babu aliifunga nyumba akahamia Mutuka na watoto. Mama alikuwa mdogo mno. Hana sura ya mama yake kichwani, wala hakuna picha.

"Nakumbuka mgongo wake tu, na sauti ya jiwe akisaga," alisema. "Jiwe lilikuwa zito, tukaliacha. Nalitaka, kabla huyu hajalijazia choo."

Mama yangu si mtu wa kutaka vitu. Ukimpa kanga mpya anauliza ile ya zamani ina kosa gani. Nikainuka palepale.

Jirani alitupokea kwa adabu zote. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, baba." Lakini kuhusu shimo hakulegea: kilicho chini ya kiwanja chake ni chake.

"Hicho chumba ni kama lile tawi," nikamwambia. "Kimeanzia kwetu, kimevuka kuja kwako."

"Sawasawa. Na tawi si nililichuma?"

Loo! Alinipata, na hasira zikanipanda hadi nikasema maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyasema mbele ya mama yake. Mwisho nikamwambia twende ofisi ya ardhi. Akakubali upesi, kwa kuwa alikuwa na hakika atashinda.

Afisa alikuwa binti mpole mwenye mafua. Alitusikiliza wote watatu, akapenga kamasi, akaeleza. Ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini tu. Hati inakupa haki ya kukaa na kutumia, kwa muda.

"Na chini?" jirani akauliza.

"Madini ni ya serikali. Maji nayo hivyohivyo."

"Na kama, tuseme, kuna dhahabu ya Wajerumani?"

"Mkiiona mtatuita."

"Na juu?" nikadakia, maana nisingepata nafasi nyingine.

"Juu jenga kadiri ya kibali chako, Mwalimu. Ndege ziache zipite."

Mama akainua kidole. "Na jiwe la kusagia?"

Binti akafikiri kwa dhati kabisa. "Hilo sikufundishwa, bibi. Hilo mkazungumze nyumbani."

Tulirudi kwa miguu. Jirani alinywea. Njiani akasimama. "Sasa mimi nimenunua nini?"

Nilitamani kumcheka, lakini hata mimi nilikuwa najiuliza hilohilo.

"Pa kuchimba choo," mama alijibu.

Jirani akaangua kicheko, na cheko lile ndilo lililoondoa mabati. "Twende tukatoe jiwe lako, bibi. Ila sanduku likiwemo tunagawana!"

Aliteremka mwenyewe na kamba na tochi ya simu. Mama alisimama ukingoni akimwelekeza kama babu alivyomsimulia: kata kulia, mwisho kabisa, penye ukuta wa kutenga ng'ombe. Tulimsikia akikohoa vumbi, kisha akaita, "Lipo! Na jiwe lake dogo lipo!" Yeye akisukuma, mimi na fundi tukivuta, mawe yakatoka. Sanduku halikuwemo. Jirani alisema, "Jiwe tu," lakini alilifuta kwa shati lake.

Mama akalizungusha, akakunja uso. "Mbona limelika upande?"

Kweli, bonde la jiwe halikuwa katikati. Fundi akasema labda liliwekwa kombo. Mama akaagiza ulezi, akapiga magoti na kuanza kusaga. Mkono wake wa kulia ulisukuma jiwe dogo, likawa linapanda ukingo na kumwaga nafaka. Akajaribu tena, likamtoka tena.

"Hebu wewe."

Nikapiga magoti. Mkono wa kushoto ukatangulia bila kuambiwa. Jiwe dogo likaingia kwenye bonde lake, likateleza hadi mwisho, likarudi, na sauti ikatoka.

Mama alishika mdomo. Aliutazama mkono wangu muda mrefu, mkono aliousonya miaka yote.

"Kumbe si kwa ukoo wa baba yako," alisema, na machozi yakaanza kumtoka. Nikasimama nimshike, akanizuia.

"Usiache," alisema. "Saga."