Pete ya Dishon na Mashine Mbili za Rodi Kopany

Dishon Ogola alikuwa fundi baiskeli siku za kazi, na mpigaji nyatiti siku za matanga. Nyatiti, kinubi cha nyuzi nane, hupigwa kwa mikono yote miwili, na wakati huohuo kidole gumba cha mguu wa kulia, kilichovikwa pete nzito ya chuma, hugonga ubao wake ili kushika mwendo. Pete ya Dishon ilikuwa ya marehemu babake. Alhamisi moja ya mwaka wa 1967, katika soko la Rodi Kopany, wachezaji walimzonga, pete ikamchomoka kidoleni, ikakanyagwa na kuzama vumbini.

Jumamosi ilikuwa siku ya kumzika baba mkwe wake huko Kendu Bay. Mpigaji nyatiti akiingia kimya katika boma la wakwe zake, huhesabiwa kuwa amemdharau marehemu, na mkewe hukumbushwa hivyo hadi uzeeni. Zilpah, mkewe, alimweleza jambo hilo mara moja tu, kwa utulivu uliomtisha. Mhunzi wa soko alifua pete mbili siku ileile. Moja ililia kama kopo. Nyingine haikulia kabisa.

Kiwanja cha soko kilikuwa kimemeza misumari, vifuniko vya soda, spoki na vipande vya mabati kwa miaka thelathini. Kwa hiyo Ijumaa asubuhi waliitwa wenye mashine za kutafutia chuma. Walter, aliyetegua mabomu ya ardhini wakati wa vita, alikuja na mashine ya kijeshi yenye sahani mwishoni mwa mpini. Gichana alitoka upande wa Migori na mashine mpya zaidi, aliyoachiwa na mhandisi mgodi wa dhahabu ulipofungwa. Kila mmoja alikuwa amesikia sifa za mashine ya mwenzake na hakupendezwa nazo. Kwa hiyo ilibidi kwanza ijulikane ipi ni bora. Kiwanja kikagawanywa kwa kamba ya katani.

Mashine ya Walter ililia katika hatua ya kwanza. Ilibainika kwamba ililia kwa ajili ya misumari ya viatu vyake mwenyewe, akavivua. Ikalia tena, wala haikunyamaza. Kila ilipolia palichimbwa, na kufikia saa sita mchana palikuwa na mashimo sitini na moja, na wauza dagaa wa omena walikuwa wamehamishwa mara tatu. Gichana naye alitembea polepole hadi mwisho wa upande wake bila kusikia lolote, akatangaza kwamba upande huo ni safi. Walter akavuka kamba na kufukua jembe zima palepale alipokuwa amesimama mwenzake.

"Jembe si dhahabu," alisema Gichana. "Mashine yangu haijishughulishi na takataka."

"Omera, ndugu yangu, pete yangu ni ya chuma," Dishon alimwambia.

"Ndiyo maana imenyamaza. Ukiona imenyamaza, ujue inafanya kazi."

Mabishano yalidumu hadi saa kumi. Walter alidai kwamba mashine isiyosikia chuma ni fimbo ghali ya kutembelea. Gichana akajibu kwamba inayosikia kila kitu haina tofauti na mbwa mwoga. Hatimaye Walter, ili kuthibitisha neno lake, aliisogeza sahani yake karibu na mpini wa mashine ya Gichana. Ikalia kwa nguvu kuliko ilivyolia siku nzima.

Dishon alichuchumaa kutazama. Kwenye kiungo cha mpini palikuwa na bangili nene ya chuma, imekazwa kwa parafujo. Akatoa bisibisi yake ya baiskeli, akaifungua kabla Gichana hajang'amua, akaivaa kidole gumba cha mguu na kugonga mara tatu ubao wa nyatiti yake iliyokuwa hapo kando.

Zilpah, aliyekuwa akifunga mizigo ya safari kando ya kiwanja, aligeuka.

"Baba Rispa," alisema, "rudia."

Akarudia. Zilpah akaendelea kufunga mizigo, na hapo Dishon akajua kwamba safari ipo.

Gichana hakukubali kuitoa bangili yake, wala hakupata ujasiri wa kumnyima mtu aliyefiwa. Wakaafikiana kwamba ataifuata. Jumamosi aliingia Kendu Bay pamoja na msafara wa mkwe, amepakata mashine yake, iliyobaki bila mpini baada ya kukosa bangili, imefungwa kwa shuka. Aliketi karibu na mguu wa Dishon, asiondoe macho yake kidoleni hata mara moja. Wenye boma, walipoona jinsi alivyoinamisha kichwa kutwa nzima, walisema hawajapata kuona mgeni mwenye majonzi kama yale, wakamwekea kiti chenye mgongo na sahani ya nyama peke yake.

Dishon alipiga hadi jua likazama, na mashemeji zake wakamwitikia.

Bangili haikurudi Migori. Jumatatu Gichana hakuidai. Aliuliza tu kama kuna matanga mengine karibuni. Na kila alipoulizwa baadaye kuhusu mashindano ya Rodi Kopany, alijibu bila kusita kwamba mashine yake ndiyo iliyoshinda: ilitoa pete, tena bila kuchimba shimo hata moja.