Kofia Yangu Nyuma ya Ngao

Aibu nimezipata nyingi, lakini hii ya ngao ndiyo inayonifanya nikishuka gatini mjini Amu nitazame chini, basi acheni niieleze mwenyewe kabla hamjaipata kwa mke wangu, Bi Zena, ambaye huitia chumvi.

Mjukuu wangu Nuru anasoma chuo kikuu, akaja kijijini kwetu Mbwajumali kujaribu ngao za vyombo vinavyokwenda angani (huko juu, ati, kuna vijichembe vinakimbia kuliko risasi). Ngao mbili, kila moja kama sinia, tabaka juu ya tabaka, nyuzi za makumbi ya nazi zilizogandishwa kwa gundi. Mwalimu wake kaja kwa boti kushuhudia; ngao ikizuia, Nuru kapita, ikitoboka, mwaka mzima anarudia.

Sasa mimi shule niliiacha darasa la pili, kazi yangu ni kalafati, kuziba nyufa za mashua kwa pamba na mafuta ya papa, na nilipoitazama ngao ya kwanza, mato yangu yakaona mwanya! Kati ya tabaka la mbele na la nyuma vidole viwili vinapita! Maskini mtoto, kasahau kuziba. Nuru yumo ndani anampa mwalimu chai, mimi nikatwaa pamba na nyundo, tik tik tik, nikaushindilia ukajaa (kazi safi, hata leo nasema), nikaifunga ngao mwenyewe pale pa kulengewa. Kabla sijaigusa ya pili ikaadhiniwa adhuhuri, nikaenda kuswali.

Tuliporudi kutoka msikitini, kijiji kizima kimejipanga nyuma ya ukuta, na Nuru yuko kwenye bomba lake la hewa linalofyatua gololi ya kioo. Mdomo ukaniwasha.

"Naweka kofia yangu ya harusi nyuma ya ngao!"

"Athmani!" Bi Zena akapiga kelele. "Kofia ile niliishona miezi sita!"

"Tulia, Bi. Hapapenyi maji, sembuse gololi."

PAAA! Kofia ikaruka juu kama kunguru, ikaangukia mgongoni mwa punda, tundu katikati. Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Mwalimu akainama, akanusa.

"Mbona ngao inanuka papa?"

Nuru akanigeukia. "Babu, umeigusa?"

"Nimekuzibia, mjukuu wangu. Ulisahau."

"Babu! Ule mwanya ndio kinga yenyewe! Tabaka la mbele linaivunja gololi, vipande vinatawanyika pale kwenye uwazi, la nyuma linavipokea vimeshachoka. Wewe umenizibia ndia yake!" Machozi yakamlengalenga, na mimi nikatamani ardhi inimeze.

"Iko ya pili," mwalimu akasema.

"Iwekeeni kofia tena," akadakia Bi Zena, "imeshaharibika."

PAAA! Tukakimbilia wote. Tabaka la mbele limetoboka, la nyuma limekwaruzika tu, na kofia iko pale pale! Vigelegele! Mwalimu akampa Nuru mkono, nami nikaruka na uzee wangu huu mpaka kikoi kikataka kunivuka mbele za watu.

Usiku nikamwomba Bi Zena aishone kofia. Akaitazama, akanirudishia.

"Huo ni mwanya, Bwana. Nuru kasema usizibwe."

Basi naivaa hivyo hivyo kila Ijumaa, upepo unanipiga utosini, na nimeapa wallahi, nikiona upenyo kwenye kazi ya mtu, nyundo naiweka chini, kwanza nauliza.