Jembe la Mahari kwa Jike wa Bugarama

Mimi na Daktari wetu tuliondoka Shinyanga kwa sababu kondoo bora wa kituo chetu cha mifugo alikuwa amekufa, na watoto wake walikuwa hawajazaliwa. Najua nimeanza vibaya. Kabla hajafa, Daktari alimtoa viini viwili vya mimba, akavigandisha kwenye mtungi wa naitrojeni wenye baridi isiyosemeka. Majike wengine nao wakafa kwa ugonjwa uleule. Ikabidi vipandikizwe kwa jike wa Mama Kulwa, kule Bugarama, kondoo aliyekwisha kuchomwa sindano za kumwandaa kubeba mimba. Siku yake ya kupandikizwa ilikuwa hiyohiyo tuliyoondoka, na baridi ya mtungi ilikuwa inaishia. Tukichelewa, uzao ule ndio mwisho.

Njiani tulipanda lori la pamba. Mtungi ukawa unafuka moshi mweupe. Utingo akanisogelea.

"Kaka, mna nini humo?"

"Kondoo wawili."

"Mbona hawalii?"

"Hawajazaliwa."

"Mama yao je?"

"Alikufa mwezi uliopita."

Akavua kofia. "Poleni sana." Abiria wote wakatupa pole. Sikujua kama ni haki kuzipokea. Nikazipokea.

Kahama tulisimama kidogo, nikabahatika kupata jembe jipya, kitu nilichokitafuta msimu mzima.

Bugarama tulifika mchana. Mama Kulwa alikuwa amekwisha kung'oa mlango wa ghala uwe meza ya upasuaji. Lakini mumewe alisimama mbele ya zizi.

"Shikamoo, Baba Kulwa," nikasema.

"Marahaba. Hao watoto watakuwa wa nani?"

"Wa kituo," akajibu Daktari.

"Mahari mmeleta?"

Daktari akacheka. Mwenyeji wetu hakucheka.

"Kwetu Wasukuma, mtoto ambaye mama yake hakutolewa mahari ni wa ukoo wa mama. Na jike ni wangu."

"Mzee, hii ni sayansi!"

"Basi hiyo sayansi ilete washenga."

Niseme haki: hoja yake ilinyooka kuliko yetu. Daktari akachovya kijiti mtungini kupima naitrojeni iliyobaki. Kikatoka na alama ya barafu fupi kama ukucha.

"Ninyi wanaume," akasema Mama Kulwa, "mtabishana mpaka wageni wafie mlangoni?"

Nikatoa jembe langu. Nililipenda, ila nikamkabidhi. Baba Kulwa akaligonga, akalisikiliza mlio.

"Wazee wetu walioa kwa jembe. Piteni."

Mama Kulwa akapiga vigelegele. Daktari akanawa, akapasua, akapandikiza, akashona.

Wakati wa kurudi, lori lilikuwa lilelile.

"Wamepata mama?" akauliza utingo.

"Wamepata."

"Mungu mkubwa."

Mwaka uliofuata Baba Kulwa alishuka kituoni na mwanakondoo mmoja. Kiini cha pili hakikushika. Daktari akanyoosha mikono. Mzee akampita.

"Nampa aliyeoa."

Nikampokea, kisha nikamkabidhi Daktari, kwa kuwa ni mali ya kituo. Hata sasa sina hakika kama nilitenda sawa.

Nilichojifunza ni kwamba baridi huhifadhi mimba, lakini haitoi mahari. Mke sijapata mpaka leo. Wakwe ninao, na kila mavuno hunitumia salamu, wakiuliza hali ya mjukuu.